Bagamoyo: Mji wa Mawe na Watu Waliobeba Mizigo

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiulizwa Bagamoyo ni nini, aghalabu hujibu kwa neno moja: utumwa. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu, na nusu iliyoachwa inatuhusu mno sisi wa Usukuma. Ninaandika makala haya nikiwa Sapiwi, wilayani Bariadi, katika nchi ambayo vijana wake, pamoja na ndugu zao Wanyamwezi, walishuka pwani kwa miguu katika karne ya 19 wakiwa na pembe za ndovu mabegani, wakapanda tena na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Hawakuwa watumwa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mshahara, na pengine ndio tabaka la kwanza kubwa la wafanyakazi wa mshahara katika nchi hii.

Tuanze na mji wenyewe. Kilomita chache kusini mwa Bagamoyo yapo magofu ya Kaole: misikiti miwili, mmoja ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo ambayo Neville Chittick aliyachimbua na kuyachunguza mwaka 1958. Kaole ilififia, Bagamoyo ikainuka, hasa baada ya Sultani wa Oman kuhamishia enzi yake Zanzibar na biashara ya pembe kushamiri. Ngome Kongwe ilijengwa yapata mwaka 1860. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao, wakawaweka humo watumwa waliokombolewa. Boma la Wajerumani likafuata mwaka 1897, wakati ambapo mji ulikwisha kupoteza hadhi ya makao makuu ya koloni, yaliyohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891.

Katika uwanja wa misheni upo mbuyu uliomeza mnyororo. Wageni wengi huutazama kwa huzuni wakidhani ni mnyororo wa mtumwa. Masimulizi ya misheni yenyewe yanasema ulikuwa wa kumfungia punda. Ninautaja kwa sababu unaonyesha jinsi tunavyosoma mji huu: tumekwisha kuamua maana kabla ya kukitazama kitu. Watumwa walipita Bagamoyo, na mateso yao hayana mjadala. Hata hivyo, bandari kuu ya watumwa upande wa bara ilikuwa Kilwa Kivinje, kusini kabisa. Uti wa mgongo wa Bagamoyo ulikuwa pembe za ndovu, zilizoishia kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani.

Pembe hazina miguu. Mbung'o waliua ng'ombe na punda njiani, kwa hiyo bega la binadamu likawa gari pekee. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, mbali na mkeka, sufuria na silaha yake, na safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua takriban miezi mitatu. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya misafara, anawaonyesha watu hawa wakijadiliana mshahara, wakidai posho, wakigoma, na wakati mwingine wakiubwaga mzigo na kutoweka porini pale mkuu wa msafara alipokiuka makubaliano. Wazungu waliandika katika shajara zao kwamba wapagazi ni wavivu na watoro. Mtu wa chama cha wafanyakazi akizisoma shajara hizo leo ataona jambo jingine kabisa.

Hata majina yetu yametokana na barabara hiyo. Katika lugha zetu sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Msukuma alikuwa mtu wa kaskazini kwa jirani yake Mnyamwezi. Majina ya mwelekeo yakageuka kuwa majina ya makabila, na safari za pwani zilichangia sana kuyaimarisha. Jina la mji nalo lina utata wa aina hiyo. Ipo tafsiri inayosema ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake kabla ya kuvushwa bahari. Ipo nyingine, ambayo mimi naona ina nguvu zaidi na wanahistoria kadhaa wameitetea, kwamba ni pumzi ya mpagazi: bwaga moyo, tua mzigo, umefika. Tafsiri ya kwanza ndiyo inayosimuliwa zaidi kwa watalii, na ninaelewa kwa nini.

Sasa tazama kilichohifadhiwa. Upo mnara unaoitwa wa Livingstone. Mwili wake ulifikishwa misheni Februari 1874 baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Aliyebebwa ana mnara. Waliobeba wametajwa kwa mkato. Yapo makaburi ya Wajerumani waliokufa katika miaka ya vita vya Abushiri bin Salim na baada yake, yenye majina na ukuta. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kaburi la mpagazi aliyekufa kwa ndui au kuhara akingoja msafara sijaliona Bagamoyo, ingawa msimu wa biashara ulijaza mji maelfu kwa maelfu ya watu hao, wakilala katika vibanda vya makuti na nyasi. Makuti hayadumu. Kinachodumu ni jiwe la matumbawe, na jiwe lilikuwa la tajiri.

Sheria yetu imerithi upendeleo huo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye husubiri tamko la waziri. Inalinda kitu kinachoshikika. Njia ya miguu, kambi, kisima cha msafara na wimbo wa kupokezana mzigo haviingii kwa urahisi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya UNESCO, hatua njema. Lakini hata humo neno linalotangulia ni utumwa, na kazi ya mshahara haionekani katika jina.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikianzia Dar es Salaam. Biashara ya upande wetu wa ziwa ilikuwa imeanza kuelekea Kisumu, ambako reli ya Uganda ilifika mwaka 1901. Bagamoyo ikalala, na mpagazi akapoteza ajira bila kiinua mgongo. Maafisa utamaduni wa Simiyu wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuanza na jambo dogo: kuwauliza wazee, kata kwa kata, ni ukoo gani una babu aliyekwenda pwani, alipita wapi, na alirudi na nini.