Kitabu cha Ubatizo na Haki ya Mtoto

Mwaka 1960 Mfaransa Philippe Ariès alitoa kitabu kilichodai kwamba watu wa Ulaya ya Zama za Kati hawakuwa na wazo mahsusi la utoto. Ariès hakuwa profesa. Alijipatia riziki katika taasisi iliyoshughulikia matunda ya nchi za joto. Hata hivyo vyuo vikuu vilimsikiliza, na ubishi uliofuata ukaipa nguvu elimu ya historia ya utoto. Mwaka 1983 Linda Pollock, baada ya kuzichunguza shajara za Waingereza na Wamarekani, alionyesha kwamba tangu karne ya 16 wazazi waliwapenda watoto wao na kuwalilia. Nasi Walutheri twauliza: je, Martin Luther, aliyefiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, hakujua mtoto ni nini?

Lakini shajara ni za wachache waliojua kuandika. Watoto wa wakulima tumewafahamu kwa njia nyingine, nayo yatuhusu sisi wachungaji: vitabu vya parokia. Mwaka 1958 Étienne Gautier na Louis Henry walichapisha utafiti wao juu ya Crulai, kijiji cha Normandy. Waliunganisha ubatizo, ndoa na maziko, jina kwa jina, mpaka familia zikajengeka upya. (Mapadre wale, tunadhani, hawakuwaza kamwe kwamba wanawaandikia wanazuoni.) Mahali ambapo maziko ya wachanga hayakuandikwa, mtafiti hana la kufanya ila kukadiria.

Hapo historia yakutana na sheria. Tamko la Geneva la 1924, ambalo rasimu yake ilitungwa na Eglantyne Jebb, lilitaja chakula, matibabu na hifadhi. Haki ya jina na uraia iliingia katika Tamko la 1959. Mkataba wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, waagiza katika ibara ya 7 kwamba mtoto aandikishwe mara baada ya kuzaliwa.

Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Lakini mtu mzima ambaye hakuandikishwa utotoni aweza kukipeleka kwa msajili kama ushahidi, na hapo nafasi ya tarehe iliyoachwa wazi humgharimu. Twawafundisha wanafunzi wetu liturujia ya ubatizo kwa makini, kisha kitabu chenyewe twamwachia katibu wa usharika. Twapendekeza somo la Historia ya Kanisa liwapeleke kwenye makabati ya sharika, wakavisome vitabu hivyo na kuuliza ni mtoto gani hakuandikwa, na nani aliamua hivyo.