Kibadilisha biti na kivuta vumbi cha ruta ya CNC

Ruta ya CNC ni mashine ya useremala inayokata, kuchonga na kutoboa mbao kwa kufuata maelekezo ya kompyuta. Isichanganywe na ruta ya intaneti. Ina meza ya kulazia ubao, daraja linalosogea juu ya meza hiyo, na mota inayozungusha biti. Mota hiyo huitwa spindo, na kwenye mashine nyingi hufikia mizunguko 24,000 kwa dakika.

Karakana zinazofanya kazi nyingi huongeza vifaa viwili: kibadilisha biti kinachojiendesha, na kivuta vumbi. Ugumu upo katika kuviweka pamoja, kwa sababu kivuta vumbi hutaka kuizingira biti pande zote, ilhali kibadilisha biti hutaka biti iwe wazi.

Asili

Udhibiti wa mashine kwa namba ulianzia Marekani na kazi ya John T. Parsons. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoendeshwa kwa njia hiyo. Vibadilisha biti vilitokea mwishoni mwa miaka ya 1950, navyo pia vilianza kwenye mashine za chuma kabla ya kuwafikia maseremala.

Jinsi biti inavyobadilishwa

Kila biti hufungwa mapema katika kishikio chake chenye umbo la koni. Aina zinazotumika sana ni ISO 30, BT30 na HSK 63F. Ndani ya spindo mna springi zenye nguvu zinazovuta koni juu na kuibana. Hewa ya kompresa, kwa kawaida ya bar 6 hivi, huzikandamiza springi hizo ili koni iachiliwe. Hivyo hewa hufungua na springi hufunga. Mpangilio huu una maana yake: umeme ukikatika au mpira wa hewa ukipasuka, biti haidondoki.

Vishikio hupangwa kwenye safu ya uma pembeni mwa meza, au kwenye gurudumu linalozunguka. Amri kama T3 M6 ikisomwa, spindo husimama, huenda kwenye nafasi iliyo tupu, huacha kishikio cha zamani, hupanda, kisha hushuka juu ya kishikio namba 3. Baada ya hapo biti hugusishwa kwenye kihisi cha urefu, kwa kuwa biti mbili hazilingani urefu. Hatua hii ikirukwa, biti ndefu huchimba meza.

Jambo la kwanza la kuhakikisha wakati wa kufunga mfumo ni kwamba hewa haiwezi kufungua koni spindo ikiwa bado inazunguka. Kishikio kinachotoka kwenye kasi hiyo huruka na kinaweza kuua. Mashine iwe na vihisi vya mambo matatu: spindo imesimama, koni imebanwa, na hewa inatosha. Kwa koni za BT na ISO, ziangaliwe pia njumu za kuvutia zilizo juu ya koni. Zipo za pembe tofauti zinazofanana machoni, na isiyo ya mashine husika haishiki sawasawa.

Hewa yenyewe iwe kavu. Katika miji yenye unyevu kama Mombasa au Dar es Salaam, kompresa hukusanya maji mengi, nayo yakifika kwenye spindo huleta kutu.

Kwa nini vumbi livutwe

Katika miaka ya 1960 Esme Hadfield, daktari wa masikio, pua na koo, alitambua kwamba saratani ya ndani ya pua, ambayo ni nadra, iliwapata mno mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe, Uingereza. Utafiti wake na Donald Acheson na wenzao ulichapishwa mwaka 1968. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) linaliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Katika Umoja wa Ulaya kikomo cha vumbi la mbao ngumu ni miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Vumbi la mvule linajulikana pia kwa kuleta pumu na muwasho wa ngozi.

Vumbi baya zaidi ni lile jembamba lisiloonekana, linaloelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Kufagia hulirusha tena.

Ili maranda yasitulie ndani ya bomba, hewa inapaswa kwenda kwa mwendo wa mita 20 hivi kwa sekunde. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 100, hesabu ni hii: eneo la mdomo wake ni mita za mraba 0.00785, ukizidisha kwa 20 unapata mita za ujazo 0.157 kwa sekunde, yaani karibu 565 kwa saa. Bomba la milimita 150 huhitaji zaidi ya mara mbili, karibu 1,270. Kununua bomba pana bila feni yenye nguvu ya kutosha ni kupoteza fedha.

Hewa hupitia kwanza chombo cha kimbunga, ambamo maranda mazito huanguka kwenye pipa, ndipo ifike kwenye chujio. Mabomba yaunganishwe na waya wa ardhi, maana vumbi kavu likisuguana na plastiki huzaa umeme tuli, na vumbi la mbao lililotanda hewani huweza kulipuka.

Vifaa viwili vinapokutana

Mdomo wa kivuta vumbi ni kikombe chenye brashi kinachoizunguka biti. Spindo ikienda kwenye uma ikiwa nacho, kikombe hugonga vishikio. Baadhi ya mashine hukipandisha kwa silinda ya hewa kabla ya kubadilisha. Nyingine hukishika kwa sumaku na kukiacha kwenye kituo chake. Cha kupandishwa ni ghali zaidi, lakini hakipotezi muda. Kwa njia yoyote, programu ingoje kihisi kithibitishe kwamba kikombe kimeondoka. Kungoja sekunde kadhaa tu hakutoshi.

Vumbi nalo hulipiza. Chembe moja ikinaswa kati ya koni na spindo, biti huzunguka ikiyumba, huchoma mbao na kuharibu beringi. Kwa hiyo spindo nzuri hupuliza hewa katikati ya koni wakati wa kubadilisha, na safu ya vishikio hufunikwa kwa kifuniko kinachofunguka inapohitajika tu. Majaribio ya kwanza hufanywa bila ubao, kwa mwendo wa polepole, mkono ukiwa karibu na kitufe cha dharura.