Usemi wa Rothschild Ukipimwa Kisimayu

Mwaka jana mgeni mmoja alikuja kutuhutubia wanafunzi kuhusu uwekezaji. Alituambia: nunua wakati damu inatiririka mitaani, maana ndipo wengine wanapotupa mali. Alisema ni maneno ya Rothschild, aliyetajirika kwa vita vya Waterloo. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi, ambaye wazee wangu ni Wabajuni waliotoka Kisimayu mwaka 1991, nilijiuliza damu hiyo ni ya nani.

Kisa chenyewe husimuliwa hivi. Nathan Rothschild alipata habari za ushindi wa Waterloo, wa tarehe 18 Juni 1815, kabla ya serikali ya Uingereza. Akajifanya anauza dhamana za serikali ili wenziwe waingiwe na hofu, kisha akazinunua kwa bei ya kutupa. Wengine huongeza njiwa wa kupeleka barua. Kilichokieneza zaidi ni kijitabu cha Kifaransa cha mwaka 1846, miaka kumi baada ya Nathan kufariki, na mwandishi wake, Georges Dairnvaell, aliandika kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Humo Nathan anatazama vita kwa macho yake, kisha anavuka bahari katika dhoruba, ilhali siku zile alikuwa London. Mwanahistoria Niall Ferguson anaonesha kwamba amani ya ghafla ilimweka Nathan hatarini, kwani alikuwa amekusanya dhahabu akitarajia vita virefu. Mwaka 1940 Wanazi walikitengenezea kisa hicho filamu. Usemi wa damu nao hupachikwa mara kwa Rothschild wa London, mara kwa jamaa zake wa Paris, bila kuoneshwa barua wala tarehe.

Mtetezi wa usemi atasema: hata kama kisa ni cha uongo, ushauri ni mzuri. Hapo ndipo Kisimayu inaponisaidia.

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na mji ukawa wa kugombaniwa na wanamgambo. Wabajuni hawakuwa na jeshi. Walikimbia kwa mashua zao hadi Lamu na Mombasa, na wengi wakaishi kambi ya Jomvu. Waliorudishwa baadaye Koyama, Chovai na Chula walikuta walowezi wenye silaha, na baadhi yao wakawa vibarua wa kuvua katika visiwa vyao wenyewe. Nyumba za Kisimayu zilikuwa rahisi kweli mwaka ule, lakini nani angenunua? Katika London ya 1815 mmiliki wa dhamana aliandikwa katika vitabu vya Benki ya Uingereza, na vitabu havikuchomwa. Kisimayu haikuwa na mahakama ya kuthibitisha hati. Aliyenunua nyumba Jumatatu angeweza kunyang'anywa Alhamisi na kundi jingine. Mali haikuuzwa, ilichukuliwa.

Nakubali, wapo waliopata faida. Biashara ya makaa ilishamiri bandarini, hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku makaa ya Somalia Februari 2012. Al-Shabaab walipoondolewa mjini mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, marundo ya magunia yalikuwa bado yanangoja meli. Lakini faida hiyo ilimhitaji mtu awe na bunduki, au alipe wenye bunduki. Sioni ujasiri wa mwekezaji hapo.

Bei rahisi iliyo salama ilipatikana pembeni, kule watu walikokimbilia. Babu yangu mzaa mama alifika Lamu na watu kumi na wanane ndani ya mashua, akaiuza wiki hiyohiyo kwa fedha ambazo, kwa maneno yake, hazikutosha tanga jipya. Mnunuzi alikuwa mtu mwema, alimpa na unga. Mashua iliendelea kuvua huko miaka mingi, kwa jina lilelile alilolipa babu.