Ulikuwa Unabeba Nini?

Shuleni tulifundishwa kwamba historia inaanza pale maandishi yanapoanza. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili, mtihani ukaja, tukafaulu. Somo hilo nimekuja kulitilia shaka mwaka 2025, tena si maktaba, ni kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga huko Temeke, nikiwa na mashine ya presha mkononi na fomu mapajani.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Katika masomo yetu kuna wiki ambazo mtu anatolewa wodini na kupelekwa mitaani, akawafuate watu majumbani mwao. Kwenye karatasi yanaitwa mazoezi ya afya ya jamii. Sisi wenyewe tunasema fildi, basi. Kundi letu tulipewa wazee. Tuwapime presha na sukari, tuangalie macho na miguu, tuulize wanakula nini na dawa wanazipata wapi. Kazi nyepesi, tulidhani. Kisanduku cha kwanza cha fomu kiliuliza jina. Cha pili kiliuliza umri. Hapo kwenye cha pili ndipo tulipokwama.

Mzee ninayemzungumzia alikuwa mtu wa Shinyanga, aliyekuja Dar es Salaam kutafuta kazi na hakurudi tena. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda akakaa mwenyewe juu ya ndoo. Presha yake ilisoma 180 kwa 110. Nikamwuliza kama anameza dawa. "Nameza, mwanangu, ila nakata nusu. Nusu leo, nusu kesho. Zikiisha nasubiri mpaka nipate hela."

Nikamwambia, baba, si uende dirisha la wazee, pale kituoni? Akacheka. Akaingia ndani, akatoka na kitambulisho. Kimeandikwa: 1 Julai 1970. Yaani ana miaka 55. Dirisha la wazee ni la miaka 60 na kuendelea.

"Na wewe mwenyewe unasemaje, baba? Una miaka mingapi?"

"Mimi ni mtu mzima kuliko hiyo kadi. Lakini kadi ndiyo inayosema, mimi nani ananisikiliza?"

Ndugu msomaji, sentensi ile ilikaa na mimi usiku kucha. Kadi ndiyo inayosema. Lakini kadi nayo iliambiwa na nani?

Tuanze mbali kidogo. Waingereza walipoitwaa Tanganyika walitunga sheria ya kusajili vizazi na vifo mwaka 1920. Mzungu na Mhindi walitakiwa kusajili watoto wao, Mwafrika hakulazimishwa. Sheria ikamwacha, naye akaendelea kuhesabu kama alivyohesabu babu yake: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka wa vita. Baada ya Uhuru, 1961, usajili ulianza kupanuliwa wilaya kwa wilaya, polepole. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kijijini miaka ya sitini, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, alikuwa na siku ya kuzaliwa kama sisi sote. Kilichokosekana ni karani.

Serikali yenyewe ilijua. Sensa ya kwanza baada ya Uhuru ilifanyika 1967, na sensa zilizofuata zikawa na tatizo lilelile: watu wengi ajabu walikuwa na miaka 40, 45, 50, 60, na wachache ajabu walikuwa na 41 au 59. Si kwamba kina mama walikuwa wakijifungua kwa zamu. Mtu asiyejua umri wake anataja namba ya duara, au karani anamtajia. Ndiyo maana makarani wa sensa hupewa kalenda ya matukio, wamsaidie mtu kukumbuka: ulikuwa mkubwa kiasi gani Mwalimu alipotangaza Azimio la Arusha? Ulikuwa umeoa wakati wa vita vya Amin?

Sasa angalia jinsi umri ulivyogeuka kuwa pesa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu ya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 hata hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku. Hapo kijana na mzee wote mlango mmoja. Nani angejali ulizaliwa lini? Kisha uchumi ukaanguka. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na kuanzia 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Ukishaweka malipo, lazima useme nani asilipe. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ikachora mstari: mzee ni mwenye miaka 60 na zaidi, na asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Sera nzuri, siipingi. Lakini mstari ule uliwapitia watu ambao hakuna aliyewahi kuandika walipoanzia.

Nikarudi kwa mzee siku ya pili. Nikamwuliza: kadi hii ulipoandikishwa, ulimwambia karani nini?

"Foleni ilikuwa ndefu, we acha tu. Akaniuliza umezaliwa lini, nikasema sijui tarehe. Akaniuliza ulianza shule lini. Nikamwambia mimi nilianza na UPE. Akaandika, akasema mwingine."

Kumbe! Hesabu ile naijua, ungeifanya hata wewe. UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, iliazimiwa Musoma mwaka 1974 ikaanza kutekelezwa 1977. Mtoto alitarajiwa kuanza shule na miaka 7. Toa 7 kwenye 1977, unapata 1970. Siku haijulikani, basi weka katikati ya mwaka. Karani hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka, na nyuma yake mstari umezunguka jengo.

Ila UPE haikuwa ya watoto wa miaka 7 peke yao. Ilikusanya watoto wa kuanzia miaka 7 hadi 13, wale wote waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa nafasi, au kwa sababu baba alisema ng'ombe atachunga nani. Darasa la kwanza la mwaka ule lilikuwa na vijana wanaokaribia kubalehe, wamekaa na vitoto vinavyong'oka meno. Karani alihesabu kwa darasa la siku hizi.

Hapa nikajizuia kidogo. Mzee ana sababu ya kutaka kuwa na miaka 60. Dawa ziko ng'ambo ya namba ile. Mimi nina sababu ya kumwamini, nimeshampenda. Mtu anayetafuta ukweli hawezi kutegemea vitu hivyo viwili. Nikaamua nisimwulize mwaka wowote. Nikamwuliza kuhusu kuhama.

Lazima nieleze, maana wengi wetu tumezaliwa baadaye. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe ndani ya kijiji cha pamoja. Ikaja Operesheni Vijiji. Shinyanga ilipigwa na wimbi hilo 1974. Watu waliambiwa wahame, waliosita walihamishwa, na kwingine nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili mtu asirudi. Mpaka zoezi linamalizika, takriban watu milioni 13 walikuwa wameandikishwa vijijini. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu, hiyo ni kweli. Na mtu aliyelala chini ya mti wakati mvua zinaanza ana lake la kusema, hiyo nayo ni kweli.

"Siku mnahama, baba," nikamwuliza, "wewe ulikuwa unabeba nini?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema hakubeba kitu. "Mimi nilikuwa naswaga ng'ombe. Mama kabeba vyombo, dada kabeba tenga la kuku, baba na kaka wamebeba mlango. Ule mlango baba hakukubali uachwe. Mdogo wangu wa kike alitembea, akachoka, akapakizwa kwenye lori la serikali analia. Mimi nilitembea na ng'ombe mpaka jioni. Nilipofika nikachapwa, ndama mmoja amepotea."

Msomaji, fikiria mwenyewe. Kama alizaliwa 1970, siku ile alikuwa na miaka 4. Nani anampa mtoto wa miaka 4 ng'ombe aswage kutwa nzima? Nani anamchapa kwa kupoteza ndama? Miaka 4 ni umri wa kubebwa.

Nikataka kitu cha pili. Nikamwuliza kuhusu choo, maana na choo kilikuwa kwenye fomu yangu. Akaanza mwenyewe: "Choo! Sisi tulichimba choo cha redio." Alikuwa anazungumzia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wazima kama milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Baba yake alichimba, yeye akawa anavuta udongo kwa ndoo na kamba. "Kilikuwa kirefu, kinatisha. Hatukukitumia sana. Mwaka uliofuata tukahamishwa, tukakiacha kule porini." Na mimi nilikuwa nimekuja na somo la usafi wa choo, nimeliandika vizuri kabisa kwenye daftari.

Siyo kila kumbukumbu ilifaa. Alisema alioa mwaka wa unga wa njano. Nikafurahi, kisha nikagundua kwamba mahindi ya njano ya nje yalikuja kwenye njaa ya 1974 na 1975, yakaja tena miaka ya themanini. Tukio linalojirudia halina tarehe. Nikalifuta. Na nyumba ya tatu kutoka hapo kulikuwa na bibi ambaye wajukuu waliapa ana miaka 100. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa bado msichana asiyevunja ungo TANU ilipoanzishwa, na TANU ni 1954. Wajukuu walinuna. Uzee nao watu huutia chumvi.

Kilichomaliza ubishi kilikuwa karatasi. Mdogo wake yule wa kike, aliyelia kwenye lori, yupo hai, na alibatizwa misheni akiwa mchanga. Akapigiwa simu. Cheti chake cha ubatizo kimesema alizaliwa Machi 1967. "Na kati yangu na yeye," mzee akasema, "yupo mmoja. Hakuishi." Aliyasema kwa sauti ileile ya kunitajia choo, nami nikaandika. Sasa rudi nyuma: 1967, toa nafasi ya mtoto mmoja katikati. Unafika 1963 au 1964. Kwa hesabu hiyo mwaka 1973 alikuwa wa kuvuta ndoo, 1974 wa kuswaga ng'ombe, 1977 alikuwa na miaka 13 au 14, amebanwa kwenye dawati la darasa la kwanza. Kila kipande kinakaa mahali pake. Mzee alikuwa ameshavuka 60, na alikuwa anakata vidonge nusu kwa sababu ya kutoa kwa 7.

Natamani nikuambie kwamba nilikwenda dirishani, nikaeleza, wakapiga makofi. Dirishani waliniambia kadi ni kadi. Kubadili tarehe kunawezekana, ila kuna kiapo, kuna nakala, kuna nauli, kuna kurudi kesho. Mwenyekiti wa mtaa aliandika barua ya kumtambua, dada wa Shinyanga akatuma nakala ya cheti kwa basi, na muuguzi kiongozi wa kituo alikubali viwekwe kwenye faili wakati mzee anafuatilia. Mwezi ule alipewa dawa za siku 30. Wiki zangu za fildi zikaisha kabla jambo lake halijaisha. Niliondoka faili likiwa na umri wa aina mbili: 55 kwa wino, na chini yake, kwa penseli, 61 kwa matukio.

Sidharau maandishi, cheti cha misheni ndicho kilichotuokoa. Ninachosema ni kwamba karatasi nayo ina historia. Iliandikwa siku fulani, na mtu fulani, aliyeuliza swali fulani, na pengine alikuwa na haraka. Tunapompa karani mwenye haraka imani yote na mzee mwenye kumbukumbu hatumpi hata kidogo, tumechagua upande.

Wewe unayetaka kuandika, na najua wengi wetu hapa tunatafuta visa mbali wakati wazee wamekaa barazani kwetu, jaribu hili. Usimwulize bibi yako alizaliwa mwaka gani, atakutajia namba ya kukuridhisha. Chagua siku kubwa, siku ya kuhama, siku ya vita, siku ya mafuriko, umwulize alikuwa anabeba nini. Kama alibeba mlango, kama alibeba kuku, kama alikuwa mgongoni mwa mtu. Halafu nyamaza, umwache aseme. Na kama ana vidonge mezani, hesabu umevikuta vingapi.