Hojaji katika saikolojia: jinsi maswali yanavyopima yasiyoonekana

Miongoni mwa njia zinazotumiwa na wanasaikolojia kuchunguza hali ya nafsi ya binadamu, hojaji ndiyo iliyoenea zaidi. Hojaji, ambayo wengine huiita dodoso, ni orodha ya maswali yanayoulizwa watu wengi kwa maneno yaleyale na kwa mpangilio uleule, ili majibu yao yaweze kulinganishwa. Huzuni na hofu hazipimwi kwa mizani. Mtafiti hana budi kumwuliza mwenye kuzihisi.

Mwingereza Francis Galton aliitumia njia hii katika karne ya 19, alipowapelekea wanasayansi wa nchi yake maswali kuhusu malezi na tabia zao. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mmarekani Robert Woodworth alitunga hojaji ya kuwabaini askari ambao huenda wangeelemewa na vishindo vya vita. Mwaka 1932 Rensis Likert, naye wa Marekani, alieleza kipimo ambacho mhojiwa huchagua jibu moja katika ngazi kadhaa, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa.

Ubora wa hojaji huangaliwa kwa mambo mawili. La kwanza ni uthabiti: mtu ambaye hali yake haijabadilika akiulizwa tena, majibu yake yakaribiane na yale ya awali. La pili ni uhalali: maswali yapime kile hasa kinachokusudiwa. Saa inayotangulia kwa dakika 10 kila siku ni thabiti, lakini haisemi kweli.

Uhalali huo hupata mtihani mkubwa zaidi hojaji inapovuka mpaka wa lugha. Orodha ya dalili inayojulikana kwa jina la Hopkins, iliyotungwa Marekani, ina swali linaloeleza huzuni kwa jina la rangi ya buluu. Likitafsiriwa neno kwa neno, mhojiwa ataulizwa habari za rangi, naye atajibu asichoulizwa. Ndiyo maana tafsiri hurudishwa katika lugha ya asili na mtu wa pili ambaye hajaiona hojaji ya mwanzo, kisha matini hizo mbili zikalinganishwa.

Hata hivyo, tafsiri sahihi pekee haitoshi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Paul Bolton na wenzake walifanya utafiti vijijini nchini Rwanda. Kabla ya kutumia orodha hiyo, waliwaomba wananchi wenyewe wataje matatizo yaliyowasibu. Ndipo yalipojitokeza maneno ya Kinyarwanda kama agahinda, yaani huzuni nzito, na guhahamuka, linalotaja mfadhaiko wa mtu aliyepatwa na msiba wa kutisha.

Njia hiyo ilifuatwa pia katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda. Huko wenyeji walitaja hali mbili zinazokaribiana na sonona: okwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Katika dalili walizozieleza, ilikuwemo ya mtu kusalimiwa asiitikie. Mgeni angeiona kuwa ni utovu wa adabu tu. Jirani aliiona kuwa ni ugonjwa. Watafiti walitunga pia maswali kuhusu kazi za kila siku, ya wanaume mbali na ya wanawake, kwa kuwa majukumu yao hayafanani. Hojaji hizo ndizo zilizotumika kupima tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji 30. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa waliopata tiba hiyo walipungukiwa na dalili za sonona kuliko wale ambao hawakuipata.

Mipaka ya njia hii haina budi kukumbukwa. Baadhi ya wahojiwa hujibu kwa kumpendeza anayeuliza, wengine huficha jambo la aibu, na wengine hukubali kila wanachoambiwa. Kwa sababu hiyo, hojaji ya afya ya akili humwonyesha mganga nani anahitaji kuchunguzwa zaidi, wala haichukui nafasi ya uchunguzi wenyewe. Mhojiwa naye ana haki ya kuelezwa lengo la utafiti, kuhifadhiwa siri yake na kukataa kujibu. Na iwapo swali halikueleweka, ni haki yake pia kuomba lielezwe kwa lugha anayoifahamu, kwa maana jibu la swali lisiloeleweka humpotosha mtafiti, na huenda likamnyima mgonjwa tiba.