Alama za Thamani: Tarehe ya Injini za Kutafutia na Wafanya Biashara wa Mtandaoni

Tangu watu walipoanza kuuza mali kwa njia ya intaneti, riziki ya muuzaji haikutegemea uzuri wa mali yake na uaminifu wa kauli yake peke yake, bali imetegemea pia hukumu ya chombo asichokiunda wala kukimiliki, nacho ni injini ya kutafutia, ambayo mnunuzi huiandikia maneno mawili matatu na kupewa orodha ya kurasa, za juu zikapata wateja na za chini zikasahauliwa. Ili ipange orodha hiyo, injini sharti iwe na alama ya kupambanulia ukurasa bora na ukurasa hafifu. Na tarehe ya miaka thelathini na zaidi yaonyesha kwamba kila alama iliyochaguliwa, punde ilipofahamika kuwa ina faida ndani yake, ilighushiwa na kuuzwa mpaka ikapoteza maana, na ilipoondolewa, mdanganyifu na mwaminifu waliangushwa pamoja.

Mwanzo wake haukuwa na harufu ya fedha. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alitunga programu iliyoitwa Archie, ambayo kazi yake ilikuwa kukusanya majina ya mafaili yaliyowekwa katika kompyuta zilizo wazi kwa umma na kuyatia katika fihirisi moja, ili mtafutaji asihangaike kubisha hodi kila mahali. Wakati huo biashara ilikuwa marufuku katika mtandao mkuu wa Marekani uliogharimiwa na serikali, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye haja ya kumhadaa Archie. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza orodha iliyokuja kuitwa Yahoo, iliyopangwa kwa mkono wa binadamu. Mwaka huo huo WebCrawler ya Brian Pinkerton, wa Chuo Kikuu cha Washington, ikaanza kusoma kila neno la kila ukurasa iliyoufikia. Na Desemba 1995 kampuni ya Digital ikafungua AltaVista, iliyosoma mamilioni ya kurasa na kujibu kwa kasi iliyowastaajabisha watu. Kufikia hapo marufuku ilikuwa imekwisha kuondoka, na wenye maduka walikuwa wameingia.

Alama ya kwanza ilikuwa neno. Ukurasa uliotaja viatu mara nyingi ulidhaniwa kuwa unahusu viatu kuliko ule uliovitaja mara moja, na juu ya hayo mwenye ukurasa aliruhusiwa kuandika, mahali pasipoonekana na msomaji, orodha ya maneno muhimu ambayo injini iliyachukua kuwa ushahidi. Ni vigumu kufikiri ushahidi ulio mwepesi wa kughushiwa kuliko huo. Muuzaji wa viatu aliliandika neno lake mara mia chini ya ukurasa kwa herufi nyeupe juu ya uwanja mweupe, hata mgeni akiteremka mpaka mwisho haoni ila uwazi mtupu, ilhali injini, isiyo na jicho la kubagua rangi, ilisoma viatu, viatu, viatu, ikampandisha. Na wengine walitia katika orodha ya siri majina ya washindani wao, au ya watu mashuhuri wasiokuwa na uhusiano wowote na biashara yao. Injini zilijifunza polepole kuyapuuza maneno hayo, na Septemba 2009 Google ilitangaza hadharani kwamba haiitazami kabisa orodha hiyo katika kupanga matokeo. Lakini hata baada ya hapo hawakukosekana mawakala waliowatoza watu ujira wa kuijaza.

Kwa kuwa hadaa ilikuwa imezidi, Bill Gross wa California aliona afadhali nafasi iuzwe waziwazi kuliko kuibwa. Mwaka 1998 kampuni yake ya GoTo ilianza kuendesha mnada: anayetaka kuwatangulia wenziwe kwa neno fulani alitaja bei atakayolipa kila mara mgeni atakapobofya kiungo chake, mwenye bei kubwa akawekwa juu, na bei yenyewe ikaandikwa kando ya jina lake ili kila mtu aione. Kampuni hiyo, iliyobadili jina ikawa Overture mwaka 2001, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2003 kwa dola zaidi ya bilioni 1.6, na kanuni yake ya kulipia mbofyo ndiyo iliyokuja kuzilisha injini kubwa za dunia.

Larry Page na Sergey Brin, wa Stanford vilevile, walitafuta alama isiyoweza kuandikwa na mwenye ukurasa mwenyewe, wakaipata katika kiungo: ukurasa unaouelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine huwa umeushuhudia, na ushuhuda wa ukurasa unaoheshimiwa na wengi una uzito kuliko wa ule usiojulikana. Katika makala yao ya mwaka 1998 walionya kwamba injini inayoishi kwa fedha za matangazo itaelemea upande wa watangazaji na kuwapa kisogo watafutaji. Hata hivyo Oktoba 2000 kampuni yao, Google, ilifungua huduma ya matangazo iliyoanza na watangazaji 350, na humo ndimo ilimopata utajiri wake. Desemba ya mwaka huo ilitoa kipau cha kuwekwa juu ya kivinjari, chenye mstari wa kijani uliomwonyesha kila mtu daraja la ukurasa anaoutazama, toka sifuri hadi kumi. Na ushuhuda, kwa kuwa sasa ulikuwa na kipimo kinachoonekana, ukapata bei sokoni. Kampuni moja ya Oklahoma, Search King, ilijifanya dalali wa viungo, na daraja lake liliposhushwa iliishtaki Google. Mwaka 2003 mahakama ikayatupa madai hayo kwa hoja kwamba daraja ni rai ya Google, na rai inalindwa na katiba ya Marekani. Maana ya hukumu hiyo kwa wafanya biashara ilikuwa kwamba aliyeshushwa hana pa kukata rufani.

Katika zama hizo fihirisi ya Google ilifanywa upya takriban mara moja kwa mwezi, na kwa siku kadhaa nafasi zilipanda na kushuka kabla ya kutulia. Watu wakaiita hali hiyo ngoma ya Google, na wauza mali wakakesha wakilinganisha matokeo ya anwani za www2 na www3, ambazo zilionyesha fihirisi mpya kabla haijaenea kwingine. Katikati ya Novemba 2003 ngoma hiyo ilipigwa kwa kishindo kisichosahaulika. Badiliko lile, ambalo wenye tovuti waliliita Florida, liliziondoa katika kurasa za mbele tovuti nyingi zilizokuwa zikitangulia kwa maneno ya biashara, na liliwadia wakati maduka ya Marekani na Ulaya yanajiandaa kwa Krismasi, msimu ambao muuzaji mdogo hutazamia faida ya kufidia miezi mikavu ya mwaka. Aliyekuwa amekwisha kukopa na kujaza ghala aliamka akakuta maagizo yamekatika. Wala msiba haukuwa wa injini moja: Yahoo na AOL pia ziliwaonyesha wasomaji wao matokeo yaliyotolewa na Google, na Yahoo haikuachana nayo mpaka Februari 2004, hivyo aliyefungiwa mlango mmoja alikuwa amefungiwa mitatu. Miongoni mwa walioanguka walikuwamo wenye hila za viungo na za maneno yaliyorudiwa kupita kiasi, lakini walikuwamo pia wenye maduka ya halali ambao kosa lao, kama lilikuwa kosa, ni kuwafuata mawakala waliowaambia kwamba ndiyo desturi ya kazi. Wengine walishuku kwamba wamesukumwa makusudi wakanunue matangazo. Shuku hiyo haikupata ithibati, lakini haikuwa ya ajabu, maana kununua matangazo ndiyo njia pekee ya haraka iliyobaki wazi mbele yao.

Wakubwa nao walikamatwa, ila adhabu yao ilikuwa nyepesi kubebeka. Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa katika fihirisi kwa kuwa iliipa injini kurasa zilizosheheni maneno ambazo mgeni wa kawaida hakuziona. Ikajirekebisha, ikarudishwa baada ya siku chache. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la J. C. Penney lilikuwa limetangulia kwa miezi, hata katika masanduku ya Samsonite likaishinda Samsonite yenyewe, kwa nguvu ya viungo vilivyopandwa katika maelfu ya kurasa zisizohusiana na bidhaa zake. Jioni ya siku ambayo Google iliingilia kati, duka hilo lilikuwa la kwanza kwa masanduku hayo. Baada ya muda wa saa mbili lilikuwa la 71. Kampuni ilikana kujua, ikamwachisha kazi wakala wake, na maduka yake ya mitaani, yaliyopita elfu moja, yakaendelea kuuza kama kawaida. Asiye na duka la mtaani hakuwa na kimbilio kama hilo.

Mwezi huo huo, tarehe 24, Google ilileta badiliko lililoitwa Panda, ambalo katika Marekani liligusa takriban asilimia 12 ya maswali ya watafutaji, na lengo lake lilikuwa makala nyepesi zilizoandikwa kwa wingi ili zinase kila swali na kuonyesha matangazo. Demand Media, kinara wa kazi hiyo, ilikuwa imeuza hisa zake kwa umma mwezi mmoja tu kabla, na haikurudi tena katika utukufu ule. Aprili 2012 likafuata Penguin, lililowapiga wenye viungo vya kununua. Na hapo ikaonekana shani ya watu waliolipa fedha ili wawekewe viungo wakiandika barua za kuomba viondolewe, na baadhi ya waliovipokea wakidai malipo mara ya pili kwa kuviondoa, mpaka Oktoba mwaka huo Google ilipofungua njia ya mtu kuvikana viungo asivyovitaka.

Watu wa Mombasa wanazifahamu nyumba za Majengo zilizojengwa juu ya ardhi ya wengine: kuta, paa na milango ni mali ya mwenye nyumba, lakini kiwanja kina mwenyewe, naye hulipwa kodi ya ardhi, na siku mwenye kiwanja akikitaka, ukuta hauhamishiki. Mfanya biashara wa mtandaoni yu katika hali iyo hiyo, isipokuwa yeye hana hata risiti ya kodi ya kumwonyesha hakimu. Foundem, tovuti ya kulinganisha bei iliyoanzishwa Uingereza na Adam na Shivaun Raff, mume na mke, ilishushwa na Google mwaka 2006, wakalalamika kwa Tume ya Ulaya. Juni 2017 Tume hiyo iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma yake yenyewe ya bei, na mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha faini hiyo Septemba 2024, Foundem ikiwa imekwisha kufunga kazi zamani. Na Mei ya mwaka huo huo wa 2024 Google ilianza kuwaandikia Wamarekani jawabu lililotungwa na akili bandia juu ya orodha yenyewe, hivyo hata aliye wa kwanza hana hakika tena kwamba mtafutaji atafika kwake.

Si insafu kuilaumu injini kwa kuzifuta alama zilizoghushiwa, maana pasipo kufanya hivyo mtafutaji angeachiwa takataka. Lakini ni upumbavu kwa mfanya biashara kudhani kwamba alama ya leo itadumu kuliko zile za jana. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na injini si ndugu wa mtu. Basi anayeuza mtandaoni, awe Dar es Salaam au Chicago, na ampokee kwa furaha mgeni aliyeletwa na injini, ila amwombe ridhaa ya kuandika jina lake na anwani yake katika daftari la duka kabla hajaondoka; kwa kuwa daftari hilo ndilo fungu la biashara yake ambalo hakuna badiliko la Google linaloweza kulishusha.