Mkopo Haujengi Nchi Bila Wenye Nchi

Jina la Benki ya Maendeleo ya Afrika hutajwa mara kwa mara katika taarifa zetu za habari: leo kwa barabara, kesho kwa maji, keshokutwa kwa umeme. Askari jeshi au askari polisi aliye lindoni, mwenye wazazi na ndugu kijijini, ana haki ya kuuliza swali moja. Je, fedha hizo zinampunguziaje umaskini mkulima wa kilimani? Swali hilo halijibiwi kwa hesabu ya mwaka mmoja. Hujibiwa na historia.

Ilikuwa Agosti 1963, mjini Khartoum, mataifa ya Afrika yaliyokuwa yametoka tu katika ukoloni yalipotia sahihi mkataba wa kuanzisha benki yao wenyewe. Rais wake wa kwanza alikuwa Mamoun Beheiry wa Sudan, makao yakawa Abidjan, na shughuli zikaanza Julai 1966. Nia ilikuwa kujitegemea, na kwa sababu hiyo nchi zisizo za Afrika hazikupokewa kuwa wanachama hadi mwaka 1982. Lakini mkono mtupu haulambwi. Mtaji wa Waafrika peke yao haukutosha, na mwaka 1972 uliundwa Mfuko wa Maendeleo ya Afrika, ambao nchi tajiri huuchangia. Mfuko huo huzikopesha nchi maskini kwa masharti nafuu: muda mrefu wa kulipa, na miaka kadhaa ya kungoja kabla ya malipo kuanza. Rwanda, iliyopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ilijiunga na Benki hiyo katika miaka yake ya mwanzo, na mwaka 1967 ikaanzisha benki yake ya maendeleo, yaani BRD.

Miaka ya 1970 na ya 1980 Rwanda ilisifiwa na wakopeshaji kuwa nchi ya utulivu na hesabu safi. Barabara kuu zilitiwa lami. Hata hivyo, sifa hizo zilifunika mambo mawili. La kwanza, uchumi ulisimama juu ya zao moja, kahawa. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei iliporomoka na mkulima akabaki na magunia yasiyolipa jasho lake. La pili, ambalo ni zito zaidi, ubaguzi ulikuwa umejengwa ndani ya utawala wenyewe. Vita vilipoanza Oktoba 1990, serikali ya wakati huo iliendelea kupokea fedha za maendeleo huku ikilipanua jeshi lake mara kadhaa na kuacha sumu ya chuki isambazwe. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kazi ya miaka 30 ilibomolewa katika siku 100. Watu waliuawa, lakini deni halikufa. Lilibaki kuwasubiri walionusurika.

Ndugu msikilizaji, hilo ndilo funzo la kwanza. Benki yaweza kukopesha fedha za barabara, haiwezi kukopesha umoja. Na barabara katika nchi isiyo na umoja humpitisha muuaji kama inavyompitisha mkulima.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa miaka mingi baada ya 1994 taifa lilikuwa katika matanga hayo, likilipa mikopo ambayo matunda yake yalikuwa yameteketea. Mzigo ulipunguzwa kwa sehemu kubwa mwaka 2005 na 2006, Rwanda ilipotimiza masharti ya msamaha wa madeni kwa nchi maskini. Mwaka huo huo wa 2005 Donald Kaberuka, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu 1997, alichaguliwa kuwa Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, akaiongoza hadi 2015.

Funzo la pili limo katika takwimu. Kati ya mwaka 2001 na 2006 uchumi wetu ulikua kwa kasi, lakini kiwango cha umaskini kilishuka kidogo tu, kutoka asilimia 58.9 hadi 56.7. Kwa kuwa watu walikuwa wameongezeka, idadi yenyewe ya maskini ilipanda, kutoka takriban milioni 4.8 hadi milioni 5.4. Mapato yalikua mjini, na jembe la kijijini likabaki palepale.

Ndipo mwelekeo ulipobadilishwa. Mpango wa Girinka, wa kuipa familia maskini ng'ombe, ulianza 2006. Mbolea na mbegu bora zikapelekwa vijijini kuanzia 2007. Mwaka 2008 ukaja mpango wa VUP, wa kuwapa maskini kazi za ujira na msaada wa fedha. Kufikia 2011 umaskini ulikuwa umeshuka hadi asilimia 44.9. Uchunguzi uliotangazwa 2025, uliotumia kipimo kipya, ulionyesha kushuka kutoka asilimia 39.8 mwaka 2017 hadi 27.4 mwaka 2024. Ni hatua kubwa. Lakini asilimia 27.4 maana yake ni kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne bado ni maskini, na huyo huenda ni jirani wa mzazi wako.

Funzo la tatu lilikuja 2012. Baadhi ya wafadhili walisimamisha misaada yao kufuatia ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu vita vya mashariki ya Kongo, na mwaka uliofuata ukuaji wa uchumi ulipungua. Mfuko wa Agaciro ulianzishwa mwaka huo wa 2012 ili taifa liwe na akiba yake. Anayekutegemeza kwa mkono mmoja aweza kuuondoa mkono huo siku asiyoitaja.

Askari wetu hawahitaji kufundishwa jambo hilo na wageni. Tangu 1997 wana Zigama, chama cha akiba na mikopo ambacho jina lake lina maana ya "weka akiba". Humo mshahara mdogo wa kila mwezi hukusanywa, na mwenye kukopa anajua kwamba anakopa jasho la mwenzake. Kwa hiyo hulipa. Laiti kila mkopo wa taifa ungetazamwa hivyo: kuwa jasho la mtu fulani, na kuwa utalipwa na mtoto fulani.

Kulinda mpaka ni kazi ya askari. Kulinda daraja lisiibiwe vyuma, bomba la maji lisiharibiwe, na fedha za umma zisiliwe na wachache, hiyo nayo ni kazi yake, kwani kila kimoja kati ya hivyo kina deni nyuma yake.